Bastola kiunoni kazini: sheria imeruhusu, bosi kakataza. Nani ana haki?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nipo Texas, huu mwaka wa tisa, ghalani, zamu ya usiku. Majuzi mwenzetu kapoteza kazi. Hakumtishia mtu wala hakuchomoa silaha. Alinyoosha mikono kushusha boksi rafu ya juu, shati likapanda, kitako cha bastola kikaonekana kiunoni. Nyuma yake alikuwa msimamizi. Msimamizi hakusema neno, akaendelea na skana yake mpaka mapumziko ya saa nane usiku, ndipo jamaa akaitwa ofisini. Hakurudi. Chakula chake kilikaa kwenye friji mpaka Ijumaa, hakuna aliyetaka kukigusa.

Kinachoniuma ni kwamba jamaa hakuvunja sheria. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas haidai tena kibali cha kubeba bastola kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha. Na mlangoni kwetu hakuna bango la kukataza. Katazo lipo kwenye kitabu cha kanuni tulichotia saini siku ya kwanza, siku ambayo hakuna mtu anayesoma kitu.

Sasa, hii haki ambayo unatembea nayo barabarani, unaivua mlangoni kama koti? Karibuni.

Zamu ya Kwanza

Mkuu, unachanganya mambo mawili. Kutokwenda jela ni jambo moja, kubaki na kazi ni jambo jingine. Texas mwajiri anaweza kukuachisha kazi leo bila kukueleza kwa nini, mradi hakubagui kwa rangi, dini na mengine yaliyotajwa kwenye sheria. Sheria ya silaha yenyewe imemwachia mwajiri haki ya kukataza bastola ndani ya jengo lake. Katiba inaibana serikali, haimbani mwenye ghala. Hata ile hukumu kubwa ya Juni 2022, Mahakama Kuu ya Marekani ilipolitupa sharti la New York la tangu 1913 lililomtaka mtu athibitishe sababu maalumu kabla ya kupewa kibali, ilihusu mamlaka ya serikali. Kanuni za mwenye ghala hazikuguswa.

Halafu hilo la "hakuvunja sheria" ningekuwa mwangalifu nalo. Taarifa ya kukataza silaha si lazima iwe bango. Yale mabango makubwa ya Kiingereza na Kihispania, yenye herufi za inchi moja, ni njia mojawapo tu. Mtu anaweza kukuambia kwa mdomo, au kukupa karatasi. Ukiingia na bastola huku umeshapewa taarifa, hilo ni kosa, faini yake mpaka dola 200. Ukiambiwa toka ukagoma, linakuwa kubwa zaidi. Kisome tena hicho kitabu.

Mama wa Zamu ya Jioni

Nyie wanaume mnaongea habari za ndani ya jengo. Mimi naongelea maegesho. Nalea wazee kwenye kituo, natoka saa tano usiku. Kutoka mlango wa nyuma mpaka gari langu ni hatua mia na arobaini, nimezihesabu, taa mbili na moja imekufa. Kituo kinakataza silaha, sawa, ndani kuna wagonjwa wa kusahau, wengine wanapekua mifuko yetu wakidhani ni yao. Hapo sibishi hata kidogo. Bastola kwenye mkoba katika chumba kile ni wazimu. Lakini aliyeniambia niiache, kaniwekea nini badala yake? Mlinzi hakuna. Taa nimeomba mara tatu.

Kama unaninyang'anya uwezo wa kujilinda, basi ulinzi wangu uwe juu yako. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Zamu ya Kwanza

Mama, kwako sheria iko upande wako nusu. Tangu Septemba 2011 mwajiri wa Texas haruhusiwi kumkataza mfanyakazi kuacha silaha anayoimiliki kihalali ndani ya gari lake binafsi lililofungwa, kwenye maegesho ya kazini. Isipokuwa baadhi ya maeneo. Viwanda vya kemikali na vya kusafisha mafuta vina masharti yao.

Mama wa Zamu ya Jioni

Nusu kweli. Kwa hiyo bastola iko garini, na mimi niko kwenye zile hatua mia na arobaini. Inamlinda nani, gari?

Mleta mada

Hapo Mama umenishika. Kabla ya mada hii nilikuwa naitetea sana hiyo sheria ya gari, naiona kama ushindi. Nikikaa nikifikiria, ni sheria ya kuwaridhisha wote wawili na haimfai yeyote. Mwenye hofu ya kuvamiwa njiani hana kitu mkononi. Mwajiri mwenye hofu ya mfanyakazi aliyekasirika, silaha iko dakika mbili kutoka mlangoni. Anayefaidi ni mwizi wa magari, anayejua kwamba maegesho yenye magari mia tatu hayana mtu kwa saa nane na kwamba chini ya kiti hapakosi kitu.

Mzee wa Oklahoma

Vijana, hii vita ya maegesho ilianzia kwetu. Mwaka 2002 kiwanda kimoja mjini Valliant kilipekua magari ya wafanyakazi, waliokutwa na bunduki garini wakafukuzwa. Huko watu wanawinda kulungu kabla na baada ya kazi, bunduki garini ni kama jeki. Waliofukuzwa walikwenda mahakamani wakashindwa. Bunge la jimbo likatunga sheria 2004 ya kuwalinda watu wa namna hiyo, makampuni nayo yakaenda kuipinga, yakidai inaingilia sheria ya shirikisho ya usalama kazini. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikasema hapana, sheria ibaki. Florida na Georgia walishapitisha zao 2008.

Mimi nasimama na mwenye mali. Ukija kwangu nikakwambia vua viatu, utavua au utarudi. Sioni kwa nini mwenye ghala awe na haki ndogo kuliko mimi na zulia langu.

Dereva wa Masafa

Mzee, zulia lako sikai juu yake saa kumi kwa siku ili nilipe kodi ya nyumba. Hapo mfano umeanguka.

Lakini naongeza la barabarani, maana sisi wa malori ofisi yetu ina magurudumu. Hiyo sheria ya maegesho inahusu gari lako binafsi. Lori la kampuni si lako, wakikataza imekwisha. Hata ukiwa na lori lako, ukitoka Texas na kibali cha Texas, California hawakitambui, New York na New Jersey pia. Kuna sheria ya shirikisho ya 1986 inayokulinda ukipita tu kwenye jimbo, kama kuwa na silaha hiyo ni halali unakotoka na unakokwenda. Lakini lazima isiwe na risasi, na silaha na risasi zote ziwe mbali na mkono wako. Gari lisilo na buti lililotengwa na sehemu ya dereva, ziwe kwenye kisanduku kilichofungwa kwa kufuli, na kile cha dashibodi hakihesabiki. Hivyo "inanilinda njiani" inakuwa chuma kimefungwa nyuma ya godoro. Yangu naiacha nyumbani.

Mgeni wa Juzi

Samahani wakubwa, mimi niko kwa viza ya masomo na nafanya kazi maktaba ya chuo. Rafiki yangu Mmarekani anataka kuniuzia yake. Texas si wamesema kibali hakihitajiki?

Zamu ya Kwanza

USIGUSE. Wenye viza za muda, masomo ikiwemo, sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki silaha wala risasi, ukiacha vighairi vichache kama mwenye leseni halali ya kuwinda. Lile neno "asiyezuiwa na sheria" la mleta mada ndilo linakugusa wewe. Wenye green card wanaruhusiwa. Kwako ni jela, na kosa la silaha linakurudisha nyumbani hata kama hukumu ilikuwa ndogo. Mwambie rafiki yako asante, na usiende naye hata kujaribu kulenga shabaha kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji.

Mleta mada

Nimekitoa kile kitabu kwenye droo. Kipo, ukurasa wa 31, kati ya simu za mkononi na viatu vya usalama. Sentensi mbili: silaha haziruhusiwi kwenye majengo ya kampuni, atakayekiuka ataachishwa kazi. Chini kuna saini yangu. Jamaa nimempigia leo, kapata ghala jingine ng'ambo ya barabara kuu. Nikamuuliza kule wanasemaje kuhusu bastola. Kasema bado hajasoma.