Amplifaya mbili pacha au moja kubwa: ipi inalipa?

Mpenda Besi: Wakuu, habari za jioni. Nina amplifaya ya wati 60 kwa omu 8, na spika za kusimama zenye matundu manne ya waya nyuma, unyeti wa desibeli 86. Jamaa anauza amplifaya kama yangu kwa bei ya kutupa. Nifunge zote mbili, besi na twita (kispika cha sauti nyembamba) kila moja na yake, au niuze nichukue moja kubwa?

Fundi Omu: Ukizifunga, kwanza ng'oa vile vibati vya shaba vinavyounganisha matundu ya juu na ya chini. Ukivisahau, amplifaya zitasukumana zenyewe kwa zenyewe na transista zinaweza kuungua. Kuhusu nguvu, kutoka wati 60 hadi 120 unaongeza desibeli 3 tu. Sikio lihisi sauti imekuwa maradufu linataka kama 10, yaani wati mara kumi.

Dada Vinili: Afadhali hizo ni pacha. Ukichanganya moja inayokuza kwa desibeli 29 na nyingine 26, twita inakupigia kelele huku besi imelala, halafu lawama zinaenda kwa spika.

Masafa: Mimi ningeuza. Krosova, ile saketi inayogawa sauti nzito kwa besi na nyembamba kwa twita, bado iko ndani ya spika, kwa hiyo amplifaya zote mbili zinakuza muziki mzima, na zikifika ukomo wa volti zinakwaruza pamoja. Faida ya kweli ni kuweka krosova ya nje kabla ya amplifaya. Kwa spika ya kiwandani hiyo ni kazi ya kufungua boksi, na wengi wetu hatuwezi.

Kijana wa Deki: Na kubriji, yaani kuunganisha chaneli mbili za amplifaya (kushoto na kulia) zisukume spika moja? Nasikia nguvu inapanda mara nne.

Fundi Omu: Kwenye karatasi, dogo. Ukibriji, kila chaneli inaiona spika ya omu 8 kama ya 4, na ya 4 kama ya 2, yaani mzigo unakuwa mzito maradufu. Kama nyuma hakuna swichi ya Bridge, usiguse.

Mpenda Besi: Nimechungulia. Bridge hakuna, Pre Out, tundu la kupeleka sauti iliyopita kwenye voliumu hadi amplifaya nyingine, nayo hakuna.

Dada Vinili: Basi utakuwa na vitufe viwili vya voliumu vya kuwinda kila wimbo. Achana nayo, kaka. Kama unachokosa ni besi, tafuta sabufa (spika ya besi pekee) yenye amplifaya yake ndani, ile inayopokea waya kutoka matundu ya spika.

Mpenda Besi: Ya inchi 10 inatosha sebule ya mita 4 kwa 5?