Tupeane uzoefu: siku ya tatu, maziwa yanapojaa

Mkunga Mstaafu: Leo nimesikia tena mzazi akiambiwa dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, ni uchafu, akamue amwage. Wenye ujuzi, hebu tuliongee. Mtoto siku ya kwanza hunywa kidogo sana kwa mnyonyo mmoja, kama kijiko cha chai tu. Dang'a kidogo na zito linamtosha. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, kisha mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo.

Dada wa Wodini: Kabisa. Na msisahau chango, maumivu ya tumbo baada ya kujifungua. Mtoto akinyonya, homoni ya oksitosini inasukuma maziwa na kukaza mji wa mimba kwa pamoja, kwa hiyo tumbo linauma na damu inatoka. Kwa waliokwisha kuzaa kabla huuma zaidi. Ila pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, hospitali.

Mama Kliniki: Wengi wanakwama siku ya tatu au ya nne. Ziwa linakuwa gumu kama jiwe, weusi wa chuchu unatanuka, mtoto anateleza na kubaki na ncha tu. Chuchu inachanika, mama anaogopa, anaruka mnyonyo, maziwa yanazidi kujaa.

Nawa mikono. Weka kitambaa cha uvuguvugu dakika chache. Zungushia vidole kwenye shina la chuchu, bonyeza kuelekea kifuani kama dakika moja, ukamue matone mpaka palainike. Pua ya mtoto ielekee chuchu. Akipanua mdomo kama anapiga miayo, mlete yeye kwenye ziwa, usiinamishe ziwa kwake. Kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ugeuke nje, weusi uonekane zaidi juu kuliko chini. Maumivu yakiendelea, ingiza kidole kidogo pembeni ya mdomo, aachie, uanze upya. Akimaliza, kitambaa cha baridi. Usikamue mpaka ziwa liwe tupu. Mwili utadhani mtoto anataka zaidi, utatengeneza zaidi.

Binti Pwani: Hilo la kidole libandikwe kila wodi!

Bibi Mlezi: Mnaongea vidole, uji wa pilipili manga hamuutaji. Bila uji maziwa hayaji.

Dada wa Wodini: Shikamoo bibi. Uji anywe, ni chakula na maji. Lakini kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya.

Bibi Mlezi: Marahaba. Mama zetu walilea watoto kumi kwa uji huo.

Dada wa Wodini: Na walilala na mtoto ziwani usiku kucha, bibi.

Jirani Mwema: Ziwa likiwa na donge, lichuliwe kwa chanuo mpaka liyeyuke.

Mkunga Mstaafu: Hapana! Kuchua kwa nguvu kunaumiza nyama ya ndani na uvimbe unaongezeka. Papasa taratibu tu. Na sikilizeni: sehemu ya ziwa ikiwa nyekundu na ya moto, mama ana homa na anatetemeka, wapo wanaomwambia maziwa yameharibika, amwachishe mtoto. Hapo maziwa yanatuama, vijidudu vinazaliana, linaweza kuwa jipu la kutolewa usaha kwa sindano au kupasuliwa. Anyonyeshe ziwa hilohilo. Maziwa yake hayamdhuru mtoto. Kama hapati nafuu ndani ya saa 24, au chuchu imechanika na homa iko juu, aende akapewe antibayotiki.

Binti Pwani: Jamani, jipu! Nilidhani ni la kukanda tu. Na chuchu ioshwe kwa sabuni?

Mama Kliniki: Maji matupu. Sabuni inaondoa mafuta ya ngozi. Paka matone ya maziwa ya mwisho, yakauke kwa hewa.

Jirani Mwema: Utajuaje anashiba? Mtoto akilia, watu wanakimbilia maziwa ya kopo.

Dada wa Wodini: Hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano, mikojo 6 au zaidi kwa siku, na kinyesi kimetoka weusi kimekuwa manjano. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo. Wiki mbili zikitimia awe ameurudia wa kuzaliwa. Kama bado, mpeleke kliniki, na mama anyonyeshe mbele ya muuguzi kabla kopo halijanunuliwa.