Binti yangu wa miaka 15 anachati na kijana ambaye nahisi si kijana: nimnyang'anye simu?

Mama Wawili, Morogoro

Wanajamvi, salaam. Ninaandika nikiwa na hofu, na ninaomba ushauri wa watu waliowahi kulipitia jambo hili au wanaolifahamu kwa kazi zao.

Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Tangu likizo ya Juni ana rafiki aliyemfahamu mtandaoni, ambaye amejitambulisha kuwa ni mvulana wa miaka 17 anayesoma shule ya bweni Arusha. Sikuwa na habari yoyote mpaka Jumamosi iliyopita, nilipokuwa nakunja nguo chumbani kwake, simu ikawaka kando ya mto na ujumbe ukajitokeza kwenye kioo: "Kama mama yako yuko karibu, futa hii kwanza." Ilinibidi nikae kitandani, maana miguu ilikwisha nguvu.

Jioni nilimwita jikoni nikamuuliza kwa upole wote nilioweza kuupata. Alilia, kisha akanionyesha picha za huyo rafiki. Katika mojawapo ameketi mahali anapodai ni bwenini kwao, na binti mwenyewe ndiye aliyeniwekea kidole juu ya soketi iliyo ukutani: ina matundu mawili ya duara, si matatu ya pembe nne kama zetu. Alikuwa ameligundua hilo tangu Agosti. Nilipomuuliza kwa nini basi aliendelea, alinijibu, "Ni yeye tu anayeniuliza nimeshindaje." Jibu hilo bado linaniuma kuliko yote.

Anasema amemtumia picha moja, akiwa na sare ya shule, na kwamba wiki hii ameombwa nyingine "isiyo na sare". Hajaituma. Baba yake, ambaye yuko kikazi mkoa mwingine, anataka nichukue simu leo hii na kuivunja laini. Dada yangu naye anashauri nijifanye binti niendelee kuchati na huyo mtu hadi nimjue ni nani. Nifuate lipi?

Mwalimu wa Malezi

Pole sana, Mama Wawili. Ninasimamia malezi na unasihi katika shule ya sekondari, na kila muhula hukaa na watoto wawili watatu wenye jambo la namna hii.

Nianze na hilo la bweni. Shule zetu haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo anayesema yuko bwenini na huku anachati kila usiku wa siku za masomo, bila kukosa hata wiki ya mitihani, ama anavunja sheria kwa namna isiyowezekana kwa miezi minne mfululizo, ama hayuko shuleni kabisa. Mwulize binti kuhusu hilo kwa utulivu, umwache alifikirie mwenyewe. Aliyeiona soketi ataliona na hili.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni ule ujumbe. Mvulana wa kweli anaweza kumwogopa mama wa msichana, na hilo ni la kawaida. Ila anayemzoesha mtoto kufuta ujumbe kila mara anamwandaa abaki peke yake, ili siku atakapoipata picha anayoitaka, tishio lake liwe ni wewe. Atamwambia, "Nitamtumia mama yako," na mtoto atafanya lolote ili usijue. Hofu ya mtoto kwa wazazi wake ndiyo silaha pekee aliyo nayo mtu huyo, kwa sababu yeye yuko mbali na hana mkono wa kumfikia.

Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa baba, ninapingana naye. Binti amekwambia ukweli jikoni, amekuonyesha picha, na amekataa kutuma ile ya pili. Ukimnyang'anya simu leo, atakuwa ameadhibiwa kwa kusema. Shauri la dada nalo ni la hatari, kwani watu hawa huzijua lugha za watoto, naye akigundua kwamba anayeandika ni mtu mzima atafuta akaunti na kuanza upya kwa jina jingine, kwa mtoto mwingine.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hatuliangalii: fungua mipangilio ya akaunti ya binti, utazame alijisajili kwa mwaka gani wa kuzaliwa. Instagram, kwa mfano, ilianzisha mwaka 2024 akaunti maalumu za walio chini ya miaka 18, ambazo huwa za faragha tangu mwanzo na huzuia ujumbe kutoka kwa watu ambao kijana hawafuati. Mtoto aliyejiandikisha akiwa na miaka 10, akadanganya umri ili afikie kile cha chini cha miaka 13 au zaidi, huenda leo anahesabiwa kuwa mtu mzima, na kinga hiyo haimfikii. Nimewaona watoto waliodanganywa na mtu mwenye umri wa uongo ilhali wao wenyewe walikuwa na umri wa uongo.

Bint Pangani

Shikamoo, Mama Wawili. Mimi sasa nina miaka 23. Nilipokuwa na 14 lilinikuta hilohilo, na baba alipochukua simu niliendelea kuwasiliana na yule mtu kwa simu ya rafiki yangu, usiku, kwa siri kubwa zaidi. Baadaye ilijulikana kwamba hakuwa mgeni hata kidogo. Alikuwa mtu mzima wa mtaani kwetu aliyeijua shule yangu, jina la mdogo wangu na saa ninayorudi nyumbani, ndiyo maana maneno yake yalinigusa kiasi kile. Tafadhali mwulize binti kama huyo "mvulana" amewahi kujua kitu ambacho hakuambiwa.

Wakili Mstaafu

Swali la Bint Pangani ni zito, na mzazi asilipite. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa ni kosa mtu kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Msifute chochote. Pigeni skrinshoti za mazungumzo zikionyesha tarehe na jina la akaunti, pamoja na namba ya simu kama ipo, kisha mwende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, na binti anaweza kuipiga mwenyewe. Msimzuie mtu huyo kwenye akaunti kabla hamjahifadhi ushahidi.

Ikitokea kwamba ipo picha nyingine ambayo binti ameona aibu kuitaja, msiitume kwa ndugu wala kwenye kundi la familia "ili waone", kwani kuisambaza picha chafu ya mtoto ni kosa pia. Ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, ambayo hutengeneza alama ya utambulisho wa picha bila picha yenyewe kutoka kwenye simu, na mitandao iliyojiunga nayo hutumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa.

Baba Junior

Mimi nina wavulana watatu, na nilidhani hili ni la wenye mabinti.

Wakili Mstaafu

Hapana, ndugu yangu. Mwaka 2022 huko Michigan, Marekani, mvulana wa miaka 17 alitumiwa ujumbe na akaunti ya msichana iliyokuwa imedukuliwa. Walioitumia walikuwa vijana wa Lagos. Walimshawishi atume picha, wakaanza kumdai pesa, naye akajitoa uhai saa chache baadaye. Ndugu wawili walihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha zaidi ya miaka 17. Zungumza na wanao leo, Baba Junior.

Mama Wawili, Morogoro

Ninawashukuru wote. Baba yake amesoma majibu haya na amekubali. Jana usiku nilimuuliza binti swali la Bint Pangani. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mwezi uliopita "mvulana" alimtania kuhusu begi lake jipya, nalo hakuwahi kulipiga picha. Tumehifadhi kila kitu. Kesho asubuhi tunakwenda Dawati pamoja, na ameomba simu aibebe yeye.