Tupeane uzoefu: maboksi ya kujifunzia ya watoto ya kulipia kila mwezi, kwa tulioko Mtwara na Lindi

Mleta uzi, Shangani
Habari zenu wadau. Matangazo ya haya maboksi yamejaa kwenye simu: unalipia, kila mwezi mtoto analetewa vifaa vya jaribio la sayansi, ufundi au hesabu kulingana na umri wake. KiwiCo ya Marekani ndiyo inayotajwa sana. Wazazi wa huku kusini wanaulizana gharama halisi hadi mzigo ufike, usalama wa vilivyomo, na kama mtoto anajifunza kweli au ni midoli ya siku mbili. Anayejua aandike kwa vipimo, maana "ni nzuri tu" haimsaidii mtu kuamua.

Wakala wa mizigo, Mtwara mjini
Dada, bei ya kwenye tangazo si bei ya mlangoni. Forodha hukadiria kodi kwa thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima, halafu VAT ya 18% inapigwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa ushuru. Tuseme boksi na nauli yake ni shilingi 100,000 na ushuru umekadiriwa 25%: inakuwa 125,000, VAT yake 22,500, umefika 147,500, na bado kuna tozo ndogondogo na nauli ya kutoka Dar kuja huku. Tozo za kila kifurushi hazijali ukubwa wake, kwa hiyo maboksi matatu kwa mzigo mmoja yana nafuu kuliko moja moja. Usitegemee lifike tarehe ileile kila mwezi. Mei 2024, baada ya mvua na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar–Lindi ilikatika upande wa Somanga na mizigo ikasimama.

Kubwa zaidi ni malipo yanayojirudia. Kuacha kadi bila salio si kujitoa, kwani wauzaji wengi hujaribu kukata pesa tena na tena. Ingia kwenye akaunti, sitisha angalau wiki moja kabla ya tarehe ya kukatwa, kisha piga picha ukurasa unaothibitisha. Ukilipia miezi 12 kwa mkupuo kwa sababu ya punguzo, soma kwanza masharti ya kurudishiwa pesa na kama mkataba utajirudia kwa mwaka mzima mwingine. Na jina kamili na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto si lazima. Jina la utani, mwezi na mwaka vinatosha kuchagua boksi la umri wake.

Muuguzi, Lindi
Wazazi, naomba hili lisomwe taratibu. Kitu cha kutafuta kwanza ndani ya boksi ni betri bapa za mviringo, zile zinazofanana na sarafu. Yenye kipenyo cha milimita 20 ndiyo hatari zaidi: ikikwama kwenye umio, umeme wake hugeuza majimaji ya mwili kuwa kemikali inayounguza nyama, na ndani ya saa 2 tayari kuna kidonda kikubwa. Hata betri iliyokwisha nguvu ya kuwasha taa bado inaunguza. Mtoto akimeza, au ukihisi tu kwamba amemeza, usimtapishe. Nenda moja kwa moja hospitali yenye eksirei, Sokoine kwa Lindi au Ligula kwa Mtwara, na useme waziwazi "nadhani ni betri", kwa sababu kwenye picha inaweza kudhaniwa sarafu. Aliyezidi mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na hazijapita saa 12, apewe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Asali isicheleweshe safari. Chini ya mwaka mmoja, asali hapana kabisa.

Sumaku ndogo nazo: akimeza mbili au zaidi, zinavutana huku ukuta wa utumbo ukiwa katikati, na utumbo unatoboka. Kifuniko cha betri kisichofungwa kwa skrubu kisiingie mikononi mwa mtoto. Kipande chochote kinachopita ndani ya kigogo cha karatasi ya chooni kiwekwe mbali na mwenye chini ya miaka 3, hata kama boksi ni la kaka yake.

Mwalimu wa awali, Masasi
Nashukuru dada muuguzi. Niongezee la huku kwetu: wanaojitengenezea boksi lao nyumbani wasitumie korosho mbichi zenye maganda kufundishia kuhesabu. Mafuta ya ganda lile yanababua ngozi. Komwe za bao ni bora kwa wenye miaka 5 kwenda juu: kete 64, mashimo 32, mtoto anajumlisha na kugawanya bila kulazimishwa.

Kujifunza kunategemea mzazi anafanya nini boksi likifunguliwa. Soma maelekezo mwenyewe usiku wake, hesabu vipande, kisha mweleze mtoto kwa Kiswahili hatua mojamoja. Kunjia picha ya mwisho nyuma, asiione, vinginevyo ananakili tu. Gundi itumike mwisho kabisa. Kwanza bana kwa vibanio vya nguo ili abomoe na kuunda upya, maana kile cha kuunda mara moja ndicho kinachoishia uvunguni.

Mdau wa Lindi
Kuna boksi la kuchimbua mifupa ya dinosaria ndani ya jiwe la plasta, wazazi wanaagiza nje. Jamani, Tendaguru iko hapa Lindi! Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule mwaka 1909 hadi 1913, na mifupa ya yule mkubwa imesimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mtoto wa Lindi astahili kulijua hilo kabla ya kushika patasi ya plastiki.

Jiwe lenyewe unatengeneza. Unga wa jipsamu wa dari kikombe 1, mchanga uliochekechwa vikombe 2, maji kama robo tatu ya kikombe, ukiongeza kidogo kidogo hadi uwe uji mzito. Mimina nusu kwenye kopo lililopakwa mafuta, panga mifupa ya kuku iliyochemshwa na kukaushwa, funika na uliobaki. Acha siku 2. Mchanga wa baharini uoshwe mara kadhaa: chumvi inaharakisha jipsamu kuganda kabla hujamaliza kupanga, kisha jiwe linabaki na unyevu na kumomonyoka. Jipsamu hupata joto inapoganda, mtoto asitumbukize mkono humo. Mabaki usimwage kwenye sinki, yataziba bomba.

Fundi redio, Mtwara
Kwa maboksi ya umeme: mota ndogo nyingi ni za volti 1.5 hadi 3, msiunganishe na chaja ya simu. Taa ya LED nyekundu kwa betri 4 za volti 1.5 iwekewe rezista (kidude cha kupunguza umeme) ya omu 220, na mguu mfupi wa taa uwe upande wa hasi. Unyevu wa pwani hutia kutu ya kijani kwenye vishikio vya betri. Sugua kwa msasa laini, na toa betri kila mchezo ukiisha.

Mleta uzi
Nimewasoma wote, ahsanteni sana. Fundi, hizo rezista zinapatikana hapa mjini?

Fundi redio, Mtwara
Ndiyo dada, kwa mafundi wa redio. Taja omu 220, robo wati. Mistari yake ni nyekundu, nyekundu, kahawia, na wa mwisho wa dhahabu.