Tupeane uzoefu: mlipendana mkiwa vijana, kwenu na kwao haviendani, na kila mtu ana ndoto yake

Fundi wa Tabata:
Wakuu, mimi ni fundi umeme wa magari, cheti changu cha VETA. Mwenzangu anamalizia sheria Mlimani, kwao Mbezi Beach. Tulikutana kwenye kwaya. Mzee wake ananipokea vizuri tu, sina kesi naye. Tatizo ni mipango: mimi nalipia kiwanja Chanika kwa awamu, yeye anataka aende Shule ya Sheria apate uwakili, kisha akasome nje. Nikitaja msingi wa nyumba anajibu "sawa", ile ya kufunga maongezi. Waliopitia haya, ilikuwaje?

Mama Wawili:
Hicho kiwanja kina hati au ni mauziano ya serikali ya mtaa? 😄

Mwana Kigoma:
Yangu ilikuwa UDOM. Mimi mnufaika wa Bodi ya Mikopo, yeye analipiwa na wazazi. Bumu likiingia, kabla sijanunua hata sabuni, natuma Kasulu, wadogo zangu wako shule. Hakujua, akaniona bahili. Siku rafiki yangu alipomtobolea siri, akaanza kulipa yeye kila kitu: msosi, vocha, mpaka nauli ya likizo. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Akinituma dukani nahisi nimeajiriwa. Hakuna aliyemwacha mwenzake, jamani. Simu zilipungua tu mpaka zikakata. Ameolewa sasa, na namheshimu sana yule binti.

Bint Pangani:
Mwana Kigoma, mimi nilikuwa upande wa huyo dada. Na nyie semeni basi! Wangu hakutokea kwenye mahafali yangu kisa hana suti, nikaja kuambiwa na dada yake baadaye sana.

Mama Wawili:
Haya, nije kwenye mada. Mimi nilipangiwa ualimu Sumbawanga, yeye akagoma kuacha duka Kariakoo. Baba akasema hamwozeshi mwanawe kwa muuza vitenge. Mshenga alisumbuka, ila tulioana, na duka hilohilo ndilo lililonilipia digrii. Ugomvi bado upo: nataka masters, yeye anauliza "tena?" Fundi, huyo binti amewahi kukuuliza wewe unataka kusoma nini?

Fundi wa Tabata:
Ameuliza, mama. Alinitafutia hadi fomu ya diploma DIT. Nikamuuliza, gereji atabaki nani? Tuligombana sana siku hiyo.

Bint Pangani:
Ahaa! Ungeanza na hiyo. Endelea, tuko hapa.