Mwigizaji katili huangushwa na nini hasa?

Muuliza swali

Ndugu wasomaji, ninaandika riwaya fupi kuhusu mwigizaji wa Hollywood asiye na huruma: anamnyang'anya rafiki yake nafasi, anamtupa wakala aliyemtoa gizani, anaoa kwa faida na kuacha kwa faida. Kupanda kwake nimekuandika bila taabu, ila kwenye kuanguka nimekwama. Kila ninayemsomea rasimu ananikumbusha kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, lakini methali hiyo hainiambii ni nani aliyeutikisa mti. Je, katika tasnia ya filamu ukatili humwangusha mtu kweli, au hilo ni jambo tunalolitamani tu sisi watazamaji?

Jibu la kwanza

Inategemea umemweka katika miaka ipi. Enzi za kampuni kubwa, mwigizaji alifungwa kwa mkataba wa miaka saba, na akikataa filamu alisimamishwa bila malipo, kisha muda huo ukaongezwa mwishoni mwa mkataba, mpaka mahakama ya rufani ya California ilipoukataa utaratibu huo mwaka 1944 katika kesi ya Olivia de Havilland dhidi ya Warner Bros. Tena, kufuatia kashfa ya mwaka 1921 ya Roscoe Arbuckle, mchekeshaji wa filamu aliyeshtakiwa kwa kifo cha mwanamke mmoja, kampuni zilianza kuweka kifungu cha maadili kilichoziruhusu kumwachisha kazi mtu aliyejiaibisha hadharani. (Arbuckle mwenyewe alionekana hana hatia mwaka 1922, na bado jina lake halikupona.) Lizingatie neno "hadharani". Aliyewatesa wenzake nyuma ya pazia hakuguswa, mradi siri ikae ndani na tiketi ziendelee kuuzwa.

Jibu la pili

Mimi nadhani tiketi ndizo kila kitu. Mwaka 1938 wamiliki wa kumbi za sinema walichapisha tangazo la kuwataja waigizaji waliowaita sumu ya mauzo, wakiwemo Katharine Hepburn, Greta Garbo na Joan Crawford, na hakuna aliyeuliza nani kati yao ni mpole na nani ni mkali. Crawford aliinuka tena, akapata Oscar kwa filamu ya mwaka 1945. Halafu mwaka 1963, alipoachwa nje ya uteuzi huku Bette Davis aliyeigiza naye akiteuliwa, aliwaomba washindani wa Davis ruhusa ya kuwapokelea tuzo iwapo wangeshinda bila kuwapo. Anne Bancroft alishinda akiwa New York, na Crawford ndiye aliyepanda jukwaani kuichukua, Davis akishuhudia. Huo ni ukatili uliopangwa kwa utulivu, na sioni kwamba ulimwangusha.

Jibu la tatu

Ndugu hapo juu amesema kweli, ila amesahau kwamba tamaa inayoonekana huchekesha, na kuchekwa ni hatari kuliko kuchukiwa. Mwigizaji Chill Wills alipoteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya The Alamo, inayohusu Watexas waliozingirwa ndani ya ngome, tuzo zikitolewa mwaka 1961, alijitangaza kwa pupa: tangazo moja lilidai kwamba wenzake walikuwa wakimwombea kuliko Watexas halisi walivyoombea uhai wao ndani ya ngome ile. John Wayne, aliyeiongoza filamu hiyo, alimkana hadharani. Wills alipowaita wapiga kura wote binamu zake, mchekeshaji Groucho Marx alimjibu kwamba anafurahi kuwa binamu yake, lakini amempigia kura mshindani wake, Sal Mineo. Tuzo ilikwenda kwa Peter Ustinov.

Lipo na jambo kavu zaidi, nalo ni bima. Mtayarishaji humkatia bima mwigizaji mkuu, kwa kuwa akiugua au akitoweka kazi husimama na gharama huendelea. Kampuni ya bima ikimkataa, au ikidai malipo makubwa mno, mtayarishaji humtafuta mwingine bila hata kumchukia.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Nilikuwa nimeandika tukio la mke kufichua siri mbele ya wageni wa tuzo, na sasa naliona ni kelele tupu, nitalifuta. Filamu mbili zitakosa watazamaji kwanza, kisha simu zake zitaanza kupokelewa na makarani. Yule rafiki aliyenyang'anywa nafasi atakuwa ameacha uigizaji zamani na kuajiriwa katika kampuni ya bima. Hatalipiza kisasi chochote: faili litafika mezani kwake, naye atalijaza kwa ukweli.