Naenda Stockholm kumkanda mkwe, kituo kiko chini ya ardhi. Wenyeji, nielezeni

MamaKorosho_Mikindani
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mkwe wangu anajifungua mwezi ujao huko Stockholm, na mimi ndiye wa kwenda kumkanda. Wanakaa Vasastan. Mwanangu anasema treni ya kutoka uwanja wa ndege itanishusha chini kwa chini, kituo kinaitwa Odenplan. Ndege hainitishi. Lakini nilipopanda SGR kwenda Dodoma, kwenye mahandaki ya Kilosa nilifumba macho nikamshika mkono jirani nisiyemjua. Sasa huko kituo chenyewe ndicho kiko handakini! Umeme ukikatika watu wanatokaje? Mwanangu nikimuuliza anacheka tu.

Halafu nataka kuwabebea ming'oko, vile viazi pori vya kwetu kusini.

Mtani_wa_Lindi
Shikamoo mama. Sisi watu wa kusini reli yetu ya kubebea karanga ilifungwa 1962, leo wewe unarukia ya chini ya ardhi! Picha usitunyime.

Shangani_Boy
Shikamoo mama. Nimekaa huko miaka minne, nikipita Odenplan kila alfajiri kwenda kufanya usafi maofisini. Giza sijaliona mle hata siku moja. Ni peupe kama ukumbi wa harusi, na kati yako na reli kuna ukuta wa vioo. Milango yake hufunguka treni ikishasimama. Hutumbukii. Tena Arlanda, uwanja wa ndege, kituo nacho kiko chini, kwa hiyo utaanza kuzoea mapema.

Walichimba kwa sababu ya msongamano. Treni zote za kwenda kusini mwa jiji zilikuwa zikibanana kwenye njia mbili tu tangu 1871, wenyewe wakipaita kiuno cha nyigu. Julai 2017 wakafungua handaki la kilomita 6 lenye vituo viwili, Odenplan kikiwemo.

Cha kuogopa ni milango ya kutokea. Iko miwili, na jukwaa lina zaidi ya mita 200. Siku yangu ya kwanza nilitokea mlango wa Vanadisvägen badala ya ule wa Odenplan, nikaburuta begi kwenye theluji na viatu vya kanisani, nusu saa nzima. Muulize mwanao atakusubiri mlango upi. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kushoto ni kwa wenye haraka, na kanga ikusanye vizuri isinaswe.

Ukitokea mlango wa Odenplan, tazama juu. Kuna mirija ya taa nyeupe imepinda zigizaga kama mshono wa cherehani. Msanii David Svensson aliichukua kwenye mapigo ya moyo wa mwanawe, yalivyochorwa na mashine mtoto alipokuwa anazaliwa.

Ming'oko mibichi wataizuia bila cheti cha afya ya mimea. Korosho za kukaanga pita nazo.

MamaKorosho_Mikindani
Marahaba wanangu. Hiyo ya moyo wa mtoto nimeisoma mara tatu. Nimempigia mwanangu, kasema mlango wa Odenplan, penye kanisa kubwa jeupe. Safari hii hakucheka.

Ming'oko nitaichemsha nile mwenyewe kabla sijaondoka. Sasa Shangani, niambie: maji ya kukandia, bafuni kwao yanatoka ya moto kweli kweli, au nitafute jiko?